Marejeo ni Ngamani: Mary Celeste na Usimulizi wa Waliopotea Baharini

Makala haya yanachunguza namna tukio la watu kupotea baharini linavyogeuka kuwa fasihi, na hasa namna maelezo ya tukio hilo, ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa kinyume cha fasihi, yanavyofuata kanuni zile zile za utungaji. Mfano wetu mkuu ni merikebu Mary Celeste, iliyookotwa katika bahari ya Atlantiki mwezi wa Desemba 1872 ikiwa haina mtu hata mmoja ndani yake. Huenda msomaji akashangaa ni kwa nini jarida la uhakiki wa fasihi nchini Kenya lijishughulishe na chombo cha Wamarekani kilichokuwa njiani kuelekea Italia. Jibu ni kwamba katika masimulizi yaliyokiandama chombo hicho Afrika inatajwa mara nyingi mno, na wahakiki wetu hawajaliuliza swali la ni kwa nini.

Tatizo la Istilahi

Tuanze na jambo lililo karibu nasi. Katika ufundishaji wa fasihi simulizi tumezoea kuzigawa hadithi katika visasili, mighani (au visakale, kama wasemavyo wengine) na ngano. Mgawanyo huu una nasaba yake katika kazi za wataalamu wa fasihi simulizi, hususan makala ya William Bascom ya mwaka 1965, ambamo vigezo vinavyotumiwa ni imani ya wasimulizi, wakati wa tukio na mahali pa tukio. Kisasili husadikiwa, nacho husimulia mambo ya mwanzo wa ulimwengu. Mighani nayo husadikiwa, lakini matukio yake ni ya wakati ulio karibu zaidi na ya ulimwengu huu tunaouishi. Ngano haidai kusadikiwa. M. M. Mulokozi katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi alitutahadharisha tusiichukue migawanyo ya aina hii kama sheria, lakini tahadhari hiyo mara nyingi hubaki vitabuni.

Sasa tuichukue hadithi ya chunusi, yule pepo wa majini anayesemekana kumvuta mwogeleaji na kumzamisha. Wanafunzi wengi, na baadhi yetu pia, huiweka hadithi hii katika kapu la visasili, ama wakaiita kwa jina lisilo la kitaaluma kabisa, ushirikina. Wape wanafunzi hao hao kisa cha Mary Celeste nao watakwambia kwamba hilo ni fumbo la kihistoria. Ukiwauliza tofauti ya kifani baina ya hadithi hizo mbili hawataiona, kwa sababu haipo. Zote mbili zinasimuliwa kama kweli, zinatokea mahali panapojulikana, mashahidi wa tukio lenyewe hawapo, na pengo walilotuachia linajazwa na msimulizi. Kwa vigezo vya Bascom zote mbili ni mighani. Kinachozitenganisha ni kwamba moja ilipita katika mahakama na majarida ya London, na nyingine ilipita vinywani mwa wavuvi.

Tena ni haki kusema kwamba hadithi ya chunusi ni nyofu zaidi. Haidai kuwa imefanya uchunguzi. Humwambia kijana asioge pale ambapo mkondo una nguvu, na hapo kazi yake imekwisha. Maelezo ya Mary Celeste yanadai mengi kuliko hayo.

Kutoka Mahakamani hadi Majaridani

Kwa bahati, kumbukumbu za mahakama ya bahari ya Gibraltar zipo, na kwa hiyo tunaweza kuyapima masimulizi ya baadaye kwa ushahidi wa kwanza. Merikebu hiyo, ya matanga na milingoti miwili, ilijengwa mwaka 1861 huko Nova Scotia, Kanada, ikapewa jina la Amazon, kisha ikabadilishwa jina mwaka 1868. Iling'oa nanga kutoka New York tarehe 7 Novemba 1872 ikielekea Genoa, na shehena yake ilikuwa mapipa 1,701 ya alkoholi. Ndani yake walikuwamo watu kumi: nahodha Benjamin Briggs, mkewe Sarah, binti yao Sophia wa umri wa miaka miwili, na mabaharia saba, wanne kati yao wakiwa Wajerumani. Mwana wao mkubwa, Arthur, aliachwa kwa bibi yake ili asome.

Tarehe 4 Desemba chombo hicho kilionwa na mabaharia wa Dei Gratia, baina ya visiwa vya Azores na pwani ya Ureno, kikienda mrama na matanga yake mengine yamechanika. Naibu wa nahodha wa Dei Gratia, Oliver Deveau, alikwea ndani na wenzake. Walichokikuta ni hiki: mashua ndogo haipo, vyombo vya nahodha vya kupimia safari havipo, maandishi ya mwisho ya safari ni ya tarehe 25 Novemba, karibu na kisiwa cha Santa Maria, ngamani mna maji ya kina cha futi tatu na nusu, pampu moja imefunguliwa, fimbo ya kupimia maji ya ngamani imelala sitahani, na vifuniko viwili vya ngama vimeondolewa. Nguo na magodoro ya nahodha yalikuwa yamelowa. Chakula kilikuwa ghalani, lakini mezani hapakuwa na kitu cha kula wala cha kunywa, na jikoni hapakuwa na kilichopikwa.

Tumekirefusha kipengele hiki makusudi, kwani msomaji aliyewahi kusimuliwa kisa hiki bila shaka anakumbuka jambo moja kuliko yote: vikombe vya chai vilivyokutwa mezani vikiwa bado vuguvugu. Vikombe hivyo havimo katika ushahidi. Deveau alisema kinyume chake. Chai hiyo iliungwa baadaye, ikapitishwa kutoka jarida hadi jarida, ikaongezewa kifungua kinywa kilicholiwa nusu, na leo ndiyo moyo wa kisa.

Roland Barthes, katika makala yake ya mwaka 1968 juu ya athari ya uhalisi, alionyesha kwamba katika riwaya za Kifaransa za karne ya kumi na tisa mna vitu vidogo visivyo na kazi yoyote katika msuko, na kwamba kazi yao ya siri ni kumwambia msomaji: hiki ni kweli. Kikombe cha chai cha Mary Celeste ni cha aina hiyo, ila kinakwenda mbele zaidi. Kinauhakikisha ukweli wa kisa, na papo hapo kinaufuta ushahidi halisi. Ikiwa chai ni vuguvugu, basi watu waliondoka dakika chache tu zilizopita. Hawakupata muda wa kushusha mashua, kuchukua vyombo vya kupimia wala kupima maji. Siku tisa baina ya maandishi ya mwisho na kupatikana kwa chombo zinayeyuka. Kwa kitu kimoja kidogo cha nyumbani, ajali ya baharini inageuzwa kuwa muujiza. Ni ufundi mkubwa, na haidhuru kwamba mwenyewe hajulikani. Kazi nyingi bora za fasihi simulizi ziko hivyo.

Mahakamani kwenyewe mlikuwa na mtunzi wa namna yake. Frederick Solly-Flood, Mwanasheria Mkuu wa Gibraltar, alishawishika kwamba mabaharia walikunywa shehena, wakalewa, wakamwua nahodha na familia yake. Alionyesha upanga wenye madoa na alama za kukatwa kwenye mbao za omo. Madoa yalipochunguzwa hayakuonekana kuwa damu. Alkoholi hiyo nayo haikuwa ya kunywewa. Mwishowe, Aprili 1873, mahakama iliwapa waokoaji pauni 1,700, kiasi cha moja kwa tano ya thamani ya chombo na shehena, tuzo ambayo wengi wameisoma kama ishara ya shuku isiyotamkwa. Ikumbukwe kwamba mahakama hiyo haikukaa ili kujua watu kumi wako wapi. Ilikaa ili kuamua nani alipwe nini. Jambo hili tutalirejea.

Mwafrika katika Pengo la Hadithi

Januari 1884, jarida la Cornhill la London lilichapisha hadithi iliyodai kuwa taarifa ya J. Habakuk Jephson, daktari Mmarekani aliyenusurika. Haikuwa na jina la mwandishi, kwa desturi ya jarida hilo. Mwandishi alikuwa Arthur Conan Doyle, kijana wa miaka ishirini na minne ambaye Sherlock Holmes wake alikuwa bado hajazaliwa. Merikebu ameiita Marie Celeste, nahodha amempa jina la Tibbs, shehena ameifanya mafuta ya wanyama na saa za Marekani, na mashua amezirudisha zote mahali pake, zimening'inia salama. Juu ya cherehani amesimamisha kigurudumu cha uzi wa hariri, ili tuamini kwamba bahari ilikuwa shwari. Tahajia ya jina aliyoitumia Doyle imeenea kiasi kwamba wengi wanaitumia kwa chombo halisi, na Solly-Flood mwenyewe alikerwa na hadithi hiyo akaikanusha kama jambo la uongo, kana kwamba hadithi inaweza kuwa kitu kingine.

Kifani hadithi hii ni nzuri, na hatuna haja ya kulificha hilo. Inaanza kwa lugha ya taarifa za magazeti, kisha inaingia katika usimulizi wa nafsi ya kwanza wa mtu mwungwana asiyeona kilicho mbele ya macho yake. Msomaji anamtambua mhalifu kurasa nyingi kabla ya Jephson, na kejeli inayotokana na umbali huo ndiyo inayouendesha msuko.

Mhalifu huyo ni nani? Ni Septimius Goring, chotara kutoka New Orleans. Anamwua nahodha, anakipotosha chombo, na badala ya Lisbon abiria wanajikuta katika pwani ya Afrika Magharibi. Huko kuna mji wa watu weusi wanaoabudu sanamu ya jiwe jeusi lililokatika sikio moja. Doyle anatwambia kwamba jiwe hilo ni kipande cha lile la Makka, lililobebwa na kundi lililojitenga wakati wa uhai wa Mtume na kuvuka Afrika nzima. Msomaji wa Lamu au wa Mambrui atajiuliza ni vipi watu wenye asili katika dini iliyokuja kuvunja masanamu wamechonga sanamu kutokana na jiwe la Kaaba, Doyle hajiulizi. Afrika na Uislamu kwake ni ghala moja la mapambo, na anachukua alichokiona kinang'aa. Wala si kwamba hakuwahi kuiona Afrika. Mwaka 1881 alisafiri kama daktari wa meli Mayumba hadi pwani ya Afrika Magharibi.

Kama tungeishia hapa, uhakiki wetu ungekuwa ule wa kawaida: Mzungu amemchora Mwafrika vibaya. Uhakiki huo ni sahihi lakini haufiki mbali. Lililo muhimu zaidi ni kwamba hadithi yenyewe, karibu na mwisho, inajifungua na kusema jambo ambalo msuko wake hauwezi kulibeba. Goring anamweleza Jephson chanzo cha chuki yake. Baba yake alikuwa mzungu, mama yake mtumwa wa baba huyo. Baba alipokufa mama aliuzwa tena, na mtoto akashuhudia mama yake akichapwa mijeledi hadi kufa. Mkono wa Goring ulikatwakatwa kwa kisu cha mzungu. Kwa aya hiyo moja, fumbo lote la Marie Celeste linapata jibu lisilokuwa na ajabu yoyote: watu wamepotea kwa sababu ya utumwa. Halafu Doyle anaifunga aya hiyo haraka, na anaturudisha kwenye sanamu na sikio lake.

Hata sikio lenyewe linatoka huko huko. Jephson amenusurika kwa sababu anacho kipande cha jiwe, nacho alipewa na Martha, bibi mzee mtumwa aliyemwuguza wakati wa vita vya Marekani, kwa kuwa Jephson alikuwa mpinzani wa utumwa. Martha hana sauti katika hadithi ila katika maneno machache ya kukabidhi kitu hicho. Hatuelezwi alivukaje Atlantiki, yeye au wazee wake. Katika hadithi iliyojengwa juu ya kuvuka Atlantiki na kupotea humo, kutokuulizwa kwa swali hilo kunapiga kelele.

Hapo ndipo tunaporejea mahakama. Mwaka 1781 mabaharia wa meli Zong, iliyokuwa ikipeleka watumwa Jamaika, waliwatosa baharini Waafrika zaidi ya 130 wangali hai, kisha wenye meli wakadai fidia ya bima kwa shehena iliyopotea. Kesi ilisikizwa London mwaka 1783, na suala lilikuwa nani amlipe nani. Kitabu cha safari cha meli hiyo hakikupatikana. Ukiziweka kesi mbili hizi ubavu kwa ubavu, ya Zong na ya Mary Celeste, utaona kwamba zimefanana kwa mengi: watu waliomezwa na Atlantiki, mahakama inayohesabu pauni, ushahidi wenye mapengo. Lakini Zong haikuwahi kuitwa fumbo. Watu kumi wa Mary Celeste wana majina, mji wa kuzaliwa, barua, na mtoto aliyeachwa kwa bibi. Ndiyo sababu kupotea kwao kunaulizwa. Wale wa Zong waliingia daftarini kwa idadi. Fred D'Aguiar alipoandika riwaya juu yao mwaka 1997, Feeding the Ghosts, ilimbidi abuni mtu mmoja aliyepanda tena melini, ili pawe na wa kusimulia.

Watafiti wa biashara ya utumwa wamekadiria kwamba kati ya Waafrika milioni 12.5 waliopakiwa katika meli za Atlantiki, karibu milioni 1.8 hawakufika. Ni vigumu kuitazama hesabu hiyo kisha ukaliona neno fumbo, jinsi linavyotumiwa, kuwa neno lisilo na upande. Fumbo ni heshima wanayopewa baadhi ya waliopotea. Kwa kauli hii hatusemi kwamba familia ya Briggs haistahili kuulizwa. Tunasema kwamba utanzu huu wa masimulizi una mlango, na mlango huo una bawabu.

Masimulizi yaliyofuata baada ya Doyle yaliendelea kugonga Afrika kwa mazoea. Mwaka 1913 jarida la Strand lilichapisha karatasi zilizodaiwa kuwa za mtu aitwaye Abel Fosdyk: jukwaa lililojengwa omoni kwa ajili ya mtoto linavunjika watu wakitazama shindano la kuogelea, wote wanaliwa na papa, na Fosdyk peke yake anaelea hadi pwani ya Afrika. Wengine wakapendekeza maharamia wa Rif kutoka Moroko, ambao kwa maajabu waliwaiba watu wakaacha mali. J. L. Hornibrook mwaka 1904 alipendekeza pweza mkubwa aliyewachopoa mmoja mmoja kutoka sitahani. Pweza huyu ametuchekesha, ila tungependa kusema kwamba kimuundo ni chunusi aliyevaa koti la sayansi, na hakuna mhakiki aliyewahi kumweka katika kapu la visasili. Katika miaka ya 1970 kisa kikaingizwa hata katika vitabu vya Pembe ya Bermuda, ingawa Mary Celeste ilikutwa maelfu ya kilomita kutoka Bermuda.

Ngamani

Wahenga wetu walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa Mary Celeste methali hii inafaa kuchukuliwa neno kwa neno. Omoni Solly-Flood aliona alama za shoka. Omoni pia Fosdyk alijenga jukwaa lake. Ila ushahidi wenye uzito uko ngamani. Shehena ilipopakuliwa Genoa, mapipa tisa yalikutwa matupu. Kuna wanaosema mvuke wa alkoholi uliwatia hofu ya mlipuko, na mwaka 2006 Andrea Sella wa London alionyesha kwa jaribio kwamba mlipuko wa aina hiyo unaweza kutokea bila kuacha alama ya moto. Mwaka uliofuata Anne MacGregor, katika filamu yake ya uchunguzi, alitoa hoja nyingine: merikebu ilikuwa imebeba makaa ya mawe safari iliyotangulia, vumbi lake likaziba pampu, nahodha akashindwa kujua kiasi cha maji ngamani, na kwa kuwa nchi kavu ilikuwa ikionekana asubuhi ile karibu na Santa Maria, akaamua kuwahamishia watu wake katika mashua. Bahari ikachafuka, merikebu ikaenda zake.

Sisi tunaiona hoja hii ya pili kuwa ndiyo bora, na si kwa sababu za kisayansi peke yake. Inavitumia vitu vingi zaidi vya ushahidi: pampu iliyofunguliwa, fimbo sitahani, vyombo vya nahodha vilivyochukuliwa, mahali pa maandishi ya mwisho. Haimhitaji mhalifu. Na inamrudishia Briggs kitu alichonyang'anywa na hadithi zote nyingine, yaani uamuzi. Katika Doyle yeye ni mhanga, katika Solly-Flood ni maiti, katika Fosdyk ni mpumbavu. Katika hoja ya MacGregor ni baba mwenye mtoto wa miaka miwili, anayeangalia maji asiyoweza kuyapima na kisiwa anachokiona, na anakosea. Hii ni tanzia kwa maana kamili ya neno, na inashangaza kwamba riwaya nyingi zilizotungwa juu ya merikebu hii zimeipita bila kuiona.

Ndoto na Simu

Ili isidhaniwe kwamba tabia hii ni ya Atlantiki tu, tuitazame kwa kifupi meli Waratah, iliyopotea katika bahari yetu ya Hindi. Iliondoka Durban tarehe 26 Julai 1909 kuelekea Cape Town ikiwa na watu 211. Ilionwa na meli Clan MacIntyre siku iliyofuata, na baada ya hapo haikufika popote. Hata ubao wake mmoja haujapatikana kwa uhakika. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba imeonekana chini ya bahari, lakini iliyokuwa pale ni Nailsea Meadow, meli ya mizigo iliyozama mwaka 1942.

Abiria mmoja, Claude Sawyer, alishuka Durban akakataa kuendelea. Katika uchunguzi uliofanyika London alieleza kwamba aliota mara tatu mtu mwenye upanga na nguo yenye damu. Ndoto hiyo ndiyo inayosimuliwa hadi leo kila Waratah inapotajwa. Lakini Sawyer huyo huyo alimpelekea mkewe simu ya maandishi kutoka Durban kumwarifu kwamba ameshuka, na sababu aliyoitaja humo ni kwamba aliiona meli kuwa nzito juu. Aliitazama ikilala upande na kuchelewa kujiinua, naye alikuwa msafiri mzoefu. Pwani hiyo, ambapo mkondo wa Agulhas hukutana na upepo wa kusini-magharibi, inajulikana sana kwa mawimbi makubwa ya ghafla. Mtu mmoja, basi, alikuwa na maelezo mawili ya uamuzi mmoja, na wasimulizi wakachagua moja.

Todorov angesema kwamba tunasitasita baina ya maelezo ya kiasili na ya kimiujiza, na kwamba kusitasita huko ndiko kunakoizaa fantasia. Kwa Sawyer nadharia hii inahitaji kurekebishwa. Mwenyewe hakusitasita, ndoto na mizani ya meli kwake vilikuwa ushahidi wa kitu kimoja. Mwili wake ulikuwa umeshahisi meli inavyolala, na usingizini hisia hiyo ikapata sura na upanga. Mvuvi anayesema kwamba mahali fulani pana chunusi naye huenda anasema vivyo hivyo: anaujua mkondo, anajua nani alizama hapo na kupwa au kujaa kwa maji siku hiyo, na anaujua kwa umbo la pepo. Tunapoikusanya hadithi yake tunaandika pepo na kuuacha mkondo, kisha tunamlaumu kwa kutokuujua mkondo.

Kwa hiyo tungependekeza kwa watafiti wanaorekodi masimulizi ya waliopotea katika pwani yetu kwamba fomu zao za ukusanyaji ziwe na nafasi ya mwezi ulikuwa wa ngapi, upepo ulikuwa kusi au kaskazi, chombo kilikuwa cha aina gani, na kilikuwa kimepakia nini. Msimulizi mara nyingi ataeleza haya yote kabla ya kumfikia pepo, nasi tumezoea kusubiri pepo ndipo tuwashe kinasa sauti.